Mama yake Regina

Mwaka jana, nikiwa muhula wa pili wa shahada ya uzamili ya historia hapa Pennsylvania, nilipata kibarua cha saa kumi kwa wiki katika maktaba moja yenye kumbukumbu za koo. Kazi yangu ni kuwasaidia watu wanaotafuta asili yao. Wengi ni wazee waliostaafu. Wanakuja na mikoba ya makaratasi, wanavua makoti, wanakaa, halafu wanakutajia mtu aliyekufa miaka 250 iliyopita kana kwamba wamepotezana naye juzi sokoni.

Mmoja wao nitamwita Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na kwetu mtu wa namna hiyo hubaki mwalimu mpaka kaburini. Ukoo wake ulikuwa unajiandaa kukutana wakati wa kiangazi, na walikuwa wamechanga fedha za kuchonga bamba la kumbukumbu lenye majina ya wahenga wao wa kwanza kufika Amerika kutoka Ujerumani. Jina la baba lilikuwepo. Majina ya mabinti wawili yalikuwepo. La mama halikuwepo. Binamu yake alikuwa ameandika jina moja kwenye daftari, kwa penseli, bila kusema amelitoa wapi. Ni jina zuri la Kijerumani. Sitaliandika hapa.

"Wewe ni mwanahistoria," Mwalimu aliniambia. "Andika tu kwamba inawezekana. Bamba haliwezi kuwa na pengo."

Nilimwomba anipe muda. Sikumwambia kwamba niliwahi kuombwa jambo hilohilo nyumbani, na nikalifanya.

*

Ukisema "mlowezi wa Kijerumani", msomaji wa Kitanzania ana picha yake tayari. Mimi natoka Njombe. Mjerumani wa hadithi zetu ana bunduki, kiboko na kodi, na nyuma yake kuna vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Ilinichukua wiki kadhaa kuiweka picha hiyo kando. Mwanamke niliyeombwa kumtafuta aliishi zaidi ya karne moja kabla ya vita hivyo, na hata dola yenyewe ya Ujerumani ilikuwa bado haijaundwa. Familia yake ilitoka Reutlingen, mji wa kusini, ikafika Pennsylvania mwaka 1748 kwa meli iliyoitwa Patience. Huku walikuwa wageni chini ya bendera ya Mwingereza, wenye lugha ambayo majirani waliidharau. Benjamin Franklin, katika insha aliyoiandika mwaka 1751, alilalamika kwamba Wajerumani wangeigeuza Pennsylvania kuwa yao, na akawatoa wengi wao katika hesabu ya watu weupe kwa kuwa eti rangi yao ilikuwa ya kiza. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, mtu wa meza ya pili akageuka.

Bandari ya Philadelphia ina orodha nzuri za wageni hao. Tangu mwaka 1727 wanaume walioshuka melini, wa miaka 16 na kuendelea, walitakiwa kuapa utii kwa mfalme wa Uingereza na kutia saini. Asiyejua kuandika aliweka alama, na karani akamwandikia jina kando yake. Kwa hiyo mwanamume asiyejua hata herufi moja bado anaonekana leo. Mke wake, aliyevuka bahari ileile na kuzika watoto baharini pengine, kwa kawaida haonekani, kwa sababu hakuna aliyemtaka aape.

Unahamia kwenye vitabu vya ubatizo. Hapo mchungaji ameandika jina la mtoto, jina la baba, halafu "na mke wake". Ukibahatika, ametaja na jina la mke. Bahati hiyo nayo ina mitego yake. Jina la ukoo la mwanamke liliongezewa kiishio mwishoni, hivyo mke au binti wa Leininger aliandikwa Leiningerin. Na wasichana wengi walibatizwa Anna Maria, Anna Barbara, Maria Catharina, kisha nyumbani wakaitwa kwa lile jina la pili. Unaweza kukuta dada wanne wote ni Anna. Unaingia kwenye wosia, unamkuta mume anamwachia mkewe ng'ombe mmoja, gurudumu la kusokotea nyuzi na haki ya kukaa karibu na jiko. Unajua hata mahali alipootea moto, na bado hujui alikuwa anaitwaje.

Kwa upande wa Mwalimu, jina la baba lilijulikana. Aliitwa Sebastian Leininger. Yaliyompata tunayajua kwa sababu binti yake Barbara alisimulia.

*

Familia hiyo ilikwenda kuishi Penn's Creek, upande wa magharibi wa mto Susquehanna. Tarehe 16 Oktoba 1755, wapiganaji wa Wadelaware, ambao wenyewe hujiita Lenape, waliingia nyumbani kwao. Walimuua Sebastian pamoja na kijana wake wa miaka 20, wakawachukua mateka Barbara na mdogo wake Regina. Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusaga nafaka.

Nimelifikiria sana hilo la kusaga. Wanawake wa kwetu wanalijua: debe la mahindi kichwani, foleni mashineni, mazungumzo ya kungoja zamu. Mama yule alirudi na unga, akakuta hana wa kumpikia.

Barbara alikaa utumwani miaka mitatu na nusu. Machi 1759 alitoroka na msichana mwenzake, Marie Le Roy, na vijana wawili wa Kiingereza, wakatembea porini wiki mbili mpaka Pittsburgh. Mwaka huohuo masimulizi ya wasichana hao wawili yalichapishwa Philadelphia. Mwishoni waliorodhesha mateka wengine waliowaona huko, ili ndugu zao wajue kwamba wako hai. Nilipenda sana ukurasa huo. Wasichana ambao dunia haikuwahesabu walitoka wakiwa wamehesabu wenzao.

Ila mama, katika masimulizi hayo, ni "mama" tu.

Hapa ndipo Mwalimu alipotaka nisimame: familia masikini, shambulio, mjane. Ni hadithi ya kweli na inauma. Lakini anayefuata nyayo hawezi kusimama mahali panapompendeza. Nikauliza: walipataje shamba lile?

Mwaka 1754, kwenye mkutano wa Albany, wenye koloni, yaani familia ya Penn, walinunua eneo kubwa la magharibi ya Susquehanna kwa pauni 400. Waliouza walikuwa viongozi wa Mataifa Sita ya Wairokwa. Wadelaware na Washawnee waliokuwa wakiishi na kuwinda humo hawakuulizwa. Ilikuwa ni sawa na mtu wa wilaya jirani kuuza shamba ulilolima, kisha wewe ukaambiwa hati imeshasainiwa. Na hawa Wadelaware walikuwa wameshaonja mchezo huo mwaka 1737, walipopoteza ardhi yao ya mashariki katika ule unaoitwa Ununuzi wa Kutembea, ambapo mipaka ilipimwa na wakimbiaji waliochaguliwa makusudi na kusafishiwa njia. Julai 1755 jeshi la Uingereza chini ya jenerali Braddock lilishindwa vibaya na Wafaransa na washirika wao, na koloni likabaki wazi. Miezi mitatu baadaye, Penn's Creek ikashambuliwa. Mwaka 1758, kwenye mkataba wa Easton, sehemu kubwa ya ardhi ile ya Albany ilirudishwa. Yaani hata walionunua walikuja kukiri kwamba ununuzi ule haukukaa sawa.

Mama yule hakuwepo Albany. Sioni dalili kwamba aliulizwa hata kama anataka kuhamia Penn's Creek. Alikuwa mtu wa chini kabisa katika mambo yaliyoamuliwa na wakubwa. Lakini unga aliokwenda kusaga huenda ulitoka kwenye udongo ambao mtu mwingine alikuwa ameporwa mwaka mmoja tu uliopita. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, na siamini kwamba lolote linalifuta lenzake. Zamani nilidhani kazi ya maadili ni kupanga nani alionewa na nani alionea. Huyu mama alinifundisha kwamba aliyeonewa anaweza kuwa amekalia kigoda cha mwingine aliyeonewa, bila hata kujua kwamba kigoda kina mwenyewe.

Mwezi Aprili 1756 serikali ya Pennsylvania ilitangaza zawadi kwa atakayeleta ngozi za vichwa vya Wadelaware. Zawadi ilitangazwa pia kwa ngozi ya kichwa cha mwanamke: dola 50 za Kihispania. Kwa hiyo mwanamke wa Kidelaware aliingia katika kumbukumbu za koloni kwa bei. Naye hana jina. Niliposema nikifuata nyayo siwezi kusimama nipendapo, nilikuwa na maana hii pia: nyuma ya mwanamke asiye na jina kuna mwingine asiye na jina zaidi yake.

*

Sehemu ya pili ya hadithi iliandikwa na mchungaji wa Kilutheri, Henry Melchior Muhlenberg. Mwaka 1764 kanali Henry Bouquet alikwenda na jeshi mpaka mto Muskingum, akawalazimisha wenyeji warudishe mateka wote. Walirudishwa zaidi ya 200. Taarifa ya safari hiyo, iliyochapishwa Philadelphia mwaka 1765, inakiri jambo ambalo wasomaji wake hawakulitarajia: wenyeji walilia kuachana na watoto waliowalea, na baadhi ya mateka iliwabidi wafungwe kamba ili warudi "kwao".

Mateka wengine walipelekwa mji wa Carlisle ili wazazi waje kuwatambua. Muhlenberg anaeleza kwamba mjane mmoja alikwenda kumtafuta binti aliyechukuliwa tarehe 16 Oktoba 1755 akiwa na miaka kama kumi. Miaka tisa ilikuwa imepita. Binti alikuwa mtu mzima, amekuwa na sura nyingine na lugha nyingine. Mama akapita kati yao, hakumtambua hata mmoja. Ndipo akaimba wimbo wa kanisani aliokuwa akiwaimbia watoto wake, na msichana mmoja akauitikia.

Nilikulia na nyimbo za aina hiyo. Babu zetu walizipokea kwa Wajerumani wa misheni, zikatafsiriwa, zikageuka zetu. Bibi yangu aliziimba akipepeta mahindi. Nikisoma habari ya Carlisle sihitaji kuelezwa jinsi wimbo unavyoweza kukaa mtu anaposahau mengine yote.

Muhlenberg anataja pia jambo ambalo wengi wakisimulia hadithi hii hulipita haraka. Regina alipochukuliwa alipewa mtoto mwingine wa miaka kama miwili ambebe mgongoni. Wote wawili walikaa kwa bibi kizee mmoja wa wenyeji na kumfanyia kazi ngumu. Walipofika Carlisle yule mdogo hakutaka kubanduka kwa Regina, na wazazi wake hawakuonekana. Mjane akawachukua wote wawili.

Lakini Muhlenberg hakuandika jina la ukoo la mjane huyo. Karne iliyofuata mchungaji mwingine, Reuben Weiser, aliandika kitabu akamwita binti Regina Hartman, na karibu na Stouchsburg, kwenye makaburi ya kanisa la Kilutheri, kuna jiwe lenye jina hilo. Baadaye watafiti wengine walitazama tarehe, wakalinganisha na masimulizi ya Barbara, wakasema huyu ni Regina Leininger. Mimi naona hoja ya tarehe ina nguvu. Lakini ni hoja, na jiwe limeshachongwa. Msichana aliyetambuliwa kwa wimbo amelala chini ya jina ambalo huenda si lake.

Ukoo wa Mwalimu husimulia kwamba wanatoka nyumba ya mjane huyo. Kupitia mtoto yupi, hakuna anayejua.

*

Sasa niseme la kwangu.

Bibi yangu alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Kwa kuwa nasoma historia, nilipewa kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani. Nikaandika: alizaliwa mwaka 1938, binti wa Mzee fulani na marehemu. Hapo nikakwama. Nikawauliza wajomba, shangazi, baba mkubwa. Wote walijua jina la baba yake bibi, na la babu yake pia. Jina la mama yake hakuna aliyelijua. Saa nne usiku, jeneza likiwa sebuleni, baba mdogo akanishika bega: "Andika Maria. Wamama wa wakati ule wote walibatizwa Maria. Usitutie aibu mbele ya watu."

Nikaandika Maria.

Siwezi kusema lilileta madhara yoyote. Lilisomwa, watu wakaitikia kwa kichwa. Shangazi mmoja alilia akasema sasa bibi ana mama. Miezi mitano baadaye binamu yangu alijifungua, mtoto akapewa jina la Maria, la bibi mzaa bibi. Ni mtoto mchangamfu, ana miaka mitatu sasa.

Kwa hiyo Mwalimu aliponiomba niandike "inawezekana", nilijua kwa hakika faida yake. Jina la kubuni huwapa walio hai mahali pa kushika. Yupo atakayeuliza: marehemu anapungukiwa nini? Hasikii. Tena kwa Kiswahili tuna utetezi mwingine. Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa mwanawe, na ni heshima. Huyu wa Reutlingen tungemwita Mama Regina, na asingeonekana amepungukiwa chochote. Huenda pengo analoliona Mwalimu ni pengo la fomu tu.

Nilijaribu kujishawishi kwa hoja hizo mbili na zote zikanigomea. Ile ya pili ni nusu ya kweli. Kuitwa Mama Regina ni heshima kwa wanaokujua; wakishakufa hao, heshima inabaki ganda. Ile ya kwanza inasahau kwamba ukimpa marehemu jina lisilo lake, umemweka mtu mwingine mahali pake. Yupo mwanamke aliyevuka bahari, aliyerudi na unga, aliyeimba Carlisle. Akija mtu wa bamba mwenye jina la penseli, yule wa kweli hana tena hata nafasi iliyoachwa wazi. Kwanza karani hakumwandika, sasa wajukuu wanamfuta kwa upendo.

Tena nikakumbuka: tangu siku ya msiba, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuuliza tena mama yake bibi alikuwa nani. Kwa nini aulize? Jibu lilikuwepo.

*

Nilimwandikia Mwalimu kurasa mbili. Nilimweleza orodha za bandari, ardhi ya Albany, Muhlenberg, Hartman na Leininger. Nilisema jina la penseli sikulipata katika kumbukumbu zozote nilizozifungua, na siwezi kuweka sahihi yangu chini yake. Nikapendekeza bamba liseme: mke wa Sebastian, mama wa Barbara na Regina, jina lake halikuandikwa. Kama wanaamini hadithi ya Carlisle, waongeze kwamba alikwenda kumchukua mmoja akarudi na wawili, na waseme wazi kwamba hivyo ndivyo ukoo unavyosimulia.

Alisoma yote mbele yangu, taratibu, kama anasahihisha daftari. Akaniambia, "Nilikuja na jina, naondoka bila jina." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Sikuwa na la kumjibu.

Kamati ya ukoo ilipiga kura ikachagua jina la penseli. Mwalimu alinitumia picha. Katika barua hiyohiyo aliomba kurasa zangu mbili zitiwe kwenye faili la ukoo wao maktabani, ili atakayekuja baadaye azikute.

Jumapili iliyofuata nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia ukweli ambao alikuwa anaujua: lile jina tulilibuni. Alinyamaza, kisha akasema, "Sasa tumwambie nini mtoto?" Nikamwambia mtoto ni Maria, jina ni lake, hakuna anayemnyang'anya. Nilichomwomba ni kitu kimoja, aende kwa yule bibi jirani wa zamani, mkubwa kuliko marehemu bibi, ambaye bado yupo hai, amuulize.

Alikwenda baada ya wiki tatu. Akanitumia ujumbe wa sauti. Bibi yule halijui jina la ubatizo. "Sisi watoto tungelijuaje?" alisema. Lakini mama yake bibi walimwita Mama Yohana.

Katika ukoo wetu hakuna Yohana. Bibi tulimjua kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa. Baba mdogo akauliza Yohana ni nani, na sauti ya yule bibi inasikika kwa mbali, nyuma ya kuku: alikuwa kaka yake, alikufa mdogo, kaburi lilikuwa karibu na mti wa mparachichi, na mama yake alikuwa akipita hapo kila akienda kisimani.

Nimefuta Maria katika daftari la ukoo. Nimeandika Mama Yohana, na chini yake, Yohana.